Santuri Iliyosubiri Miaka 12: Kisa cha "As Time Goes By"

Mwanzoni mwa 1943, Mmarekani aliyetoka kuitazama filamu ya Casablanca, wimbo wa Sam, mpiga piano wa filamu hiyo, ukimzunguka kichwani, akapita duka la santuri kuununua, hakupewa sauti ya Sam. Alipewa santuri ya mwimbaji Rudy Vallee. Au alipewa okestra ya Jacques Renard. Zote mbili zilirekodiwa 1931, wakati hakuna aliyeiota filamu hiyo, na zilikuwa zimeshasahauliwa. Dooley Wilson, aliyemwigiza Sam na ambaye sauti yake ndiyo iliyowatoa watu machozi ukumbini, hakuwa na santuri hata moja ya wimbo huo.

Kisa hiki husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya bahati: wimbo wa zamani, filamu ikaufufua, ukawa wa kudumu. Ni kweli, lakini kusema hivyo hakuelezi kwa nini waliouza walikuwa Vallee na Renard na siyo Wilson. Jibu liko kwenye kalenda, mikataba na utomvu wa mdudu mmoja wa India. Tuanze mbali kidogo.

Mtunzi wake ni Herman Hupfeld, mtu wa Montclair, New Jersey. Alizaliwa huko 1894, akafia hukohuko 1951. Aliandika maneno na muziki peke yake, ilhali watunzi wengi wa Broadway, mtaa wa kumbi za tamthilia New York, wakati huo walifanya kazi wawili wawili, huyu wa maneno, yule wa sauti. Hupfeld hakuwa na jina la kujaza ukumbi. Alijulikana kama fundi wa wimbo mmoja mmoja wa kuchomeka ndani ya onyesho la watu wengine, na ndivyo ilivyokuwa kwa "As Time Goes By". Uliingizwa kwenye tamthilia ya muziki ya Everybody's Welcome, ambayo nyimbo zake nyingi zilitungwa na Sammy Fain na Irving Kahal. Onyesho lilifunguliwa New York tarehe 13 Oktoba 1931, wimbo ukiimbwa na Frances Williams. Lilichezwa mara 139 likafungwa. Si kuanguka, lakini si jambo la kumfanya mtu aende kusimulia nyumbani.

Wengi wanaoupenda wimbo huu hawajawahi kuusikia mwanzo wake. Hupfeld aliutungia beti za utangulizi zinazolalamikia mambo ya siku hizo: mbio, uvumbuzi usioisha, habari za vipimo vya anga, mpaka Einstein anatajwa kwa jina. Hoja ni kwamba mtu amechoshwa na hayo yote na anahitaji kurudi kwenye mambo ya msingi, na hapo ndipo kiitikio kinaingia. Kwa hiyo mwaka 1931 huu ulikuwa wimbo wa utani wa kistaarabu kuhusu maisha ya kisasa, mapenzi yakiwa ndiyo jibu la utani huo. Filamu ilizikata beti hizo zote. Kwa maoni yangu, mkato ule uliufaa wimbo kuliko mpangilio wowote wa muziki uliofuata, maana ukishamwondoa Einstein wimbo hauna tena mwaka. Unaweza kuimbwa katika vita yoyote.

Rudy Vallee aliurekodi kwa kampuni ya Victor tarehe 25 Julai 1931, zaidi ya miezi miwili kabla onyesho halijafunguliwa New York. Hilo lisikushangaze. Wachapishaji wa muziki waliwatangulizia wimbo waimbaji wa redio na viongozi wa bendi ili hadhira ifike ukumbini ikiwa imeshausikia. Na Vallee alikuwa mtu sahihi wa kutangulizwa. Alivuma kwa kuimba polepole na kwa upole, kwanza kwa megafoni mkononi, kisha mbele ya maikrofoni, na kila wiki alikuwa na kipindi chake kwenye mtandao wa redio wa NBC. Mwaka huohuo Renard, kiongozi wa bendi aliyekuwa mpiga fidla, aliurekodi kwa Brunswick, na Fred Rich kwa Columbia. Mwaka uliofuata Binnie Hale akaurekodi Uingereza.

Zikafia dukani, au karibu na hapo. Kosa halikuwa la wimbo. Biashara yenyewe ya santuri ilikuwa inazama: Marekani ilikuwa imeuza takriban santuri milioni 104 mwaka 1927, na kufikia 1932 zilikuwa kama milioni 6. Mdororo wa uchumi ulikuwa umewamaliza watu mifukoni, na redio ilikuwa inatoa muziki ule ule bure sebuleni. Mtu asiye na kodi ya nyumba hanunui foksitroti, muziki wa dansi.

Hapa ni lazima tuangalie nani alimiliki nini, ingawa ni sehemu ya kisa ambayo wasimulizi wengi huiruka. Kampuni ya filamu ya Warner Bros. ilinunua nyumba kadhaa za kuchapisha muziki mwaka 1929, na mojawapo ni Harms, mchapishaji wa wimbo wa Hupfeld. Mwaka 1930 Warner ikanunua pia idara ya santuri ya Brunswick. Yaani Renard alipousogelea mdomo wa maikrofoni mwaka 1931, Warner ilikuwa inamiliki wimbo na inamiliki santuri. Mwishoni mwa mwaka huo, soko likiwa limekauka, Warner ikaikodisha Brunswick kwa wengine, lakini rekodi zilizofanywa kabla ya hapo zikabaki kuwa mali yake. Na mwaka 1941 ikaziuza rekodi hizo za zamani, pamoja na jina la Brunswick, kwa kampuni ya Decca.

Mwaka 1941. Mwaka mmoja kabla ya kuanza kupiga Casablanca. Warner ilikuwa na yai mkononi, ikaliuza, kisha ikaanza kumlisha kuku.

Wimbo uliingia kwenye filamu kupitia mlango wa mtu mmoja tu. Murray Burnett, mwalimu wa shule ya sekondari New York, aliupenda tangu akiwa mwanafunzi wa chuo. Kiangazi cha 1938 alisafiri Ulaya, akaiona Vienna ikiwa chini ya Wanazi, kisha kusini mwa Ufaransa akaingia kwenye kilabu kimoja kilichokuwa na mpiga piano Mweusi. Aliporudi akaandika tamthilia pamoja na Joan Alison, Everybody Comes to Rick's, na akamtaka mpiga piano wake apige wimbo ule ule alioupenda ujanani. Hakuna jukwaa la Broadway lililoichukua. Januari 1942 Warner ikainunua kwa dola 20,000, na wimbo ukaja ndani ya kurasa, bila kuongezewa gharama, kwa sababu Warner ilikuwa inaumiliki tayari. Mtayarishaji Hal B. Wallis hakuwa na sababu ya kuutoa.

Kamera zilianza kuzunguka Burbank, California, tarehe 25 Mei 1942, chini ya mwelekezi Michael Curtiz, zikasimama tarehe 3 Agosti. Hizo tarehe mbili zikae kichwani.

Dooley Wilson alizaliwa Tyler, Texas, kwa jina la Arthur Wilson. Alikuwa mwigizaji wa jukwaani wa miaka mingi na mpiga ngoma aliyewahi kuongoza bendi yake Ulaya. Piano hakuijua. Mbele ya kamera vidole vyake vilikuwa vinaigiza. Muziki ulitoka kwa Elliot Carpenter, aliyewekwa kando na piano yake mahali ambapo Wilson aliweza kumwona na kufuatisha mikono. Ukitazama tena tukio la kwanza la wimbo huo, mtazame Wilson kuanzia mabegani kwenda chini. Mabega yanapiga ngoma. Vidole vinachelewa kidogo, kisha vinawahi. Uongozi wa studio uliwahi kufikiria kuiondoa hata sauti yake na kuweka ya mtu mwingine. Sauti ikaachwa, shukrani kwao, kwa kuwa ndiyo iliyobeba tukio zima.

Tukio lenyewe ni dogo ajabu. Ilsa (Ingrid Bergman), mpenzi wa zamani wa Rick (Humphrey Bogart), mwenye mkahawa, anamwomba Sam aupige wimbo, kwa ajili ya siku za zamani. Sam anajifanya hajui anachozungumziwa. Ilsa anauanza mwenyewe kwa kuvumisha, mdomo umefungwa, na Sam, ambaye sasa hana tena pa kujificha, anaanza kuimba. Anaimba bila haraka, kama mtu anayezungumza na chumbani kuna mgonjwa. Rick anatoka akiwa amefura, anafika kumkaripia kwa kupiga alichokatazwa, na macho yanakutana na ya Ilsa. Piano inasimama. (Ile amri maarufu ya "piga tena, Sam" haimo kwenye filamu. Ilsa anaomba wimbo upigwe, Rick baadaye anaamuru upigwe, ila neno "tena" liliongezwa na kumbukumbu za watu.)

Sasa turudi kwenye tarehe. Mwezi Julai 1942, Wilson akiwa Burbank anaimba mbele ya Ingrid Bergman, kampuni zote kubwa za santuri zilikuwa zikirekodi mchana na usiku. Zilikuwa zinaweka akiba. James C. Petrillo, rais wa chama cha wanamuziki, American Federation of Musicians, alikuwa ametangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti mwanachama yeyote hatapiga ala kwa ajili ya santuri. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi. Mwanamuziki alilipwa mara moja studioni, kisha santuri ile ile ikapigwa redioni na kwenye mashine za baa za kutumbukiza sarafu, mwaka baada ya mwaka, na kila inapopigwa kuna bendi fulani ambayo haikuitwa kazini. Petrillo alitaka kampuni zichangie mfuko wa kuwalipa wanamuziki waliokosa kazi. Kampuni zikakataa, mgomo ukaanza siku iliyotajwa, siku mbili kabla Curtiz hajamaliza kupiga filamu.

Katika mbio zile za Julai zilirekodiwa nyimbo nyingi ambazo leo hakuna anayezikumbuka. "As Time Goes By" haukuwemo. Nani angeuweka? Ulikuwa wimbo wa miaka 11 uliokwisha kukosa soko, na filamu iliyoubeba ilikuwa haijahaririwa. Kampuni za santuri zilikuwa zinabashiri nyimbo za kesho, nao ulikuwa wa jana. Ungehitaji saa tatu tu za studio na bendi ndogo kumrekodi Wilson mwezi ule, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kumpa saa hizo.

Studio za filamu hazikuguswa na mgomo, zilikuwa na mikataba yake. Ndiyo maana Max Steiner aliendelea na kazi ya kuandika na kurekodi muziki wa Casablanca mwezi Agosti. Na Steiner, ambaye tayari alikuwa na King Kong na Gone with the Wind mkononi, hakuupenda wimbo wa Hupfeld. Alitaka kuutoa aweke wa kwake, jambo linaloeleweka kisanaa na kimfuko pia, maana mtunzi hupata mrabaha kwa wimbo wake na siyo kwa kupamba wa jirani. Lakini kuubadilisha kungedai kurudia matukio ambamo unatajwa kwa jina, na Bergman alikuwa ameshakata nywele kwa ajili ya filamu ya For Whom the Bell Tolls kwenye studio nyingine. Nywele zikashinda. Steiner akafanya alichofanya fundi aliyeshindwa shauri: aliuchukua wimbo na kuufuma ndani ya muziki wote wa filamu, mahali pengine ukiwa na huzuni, mahali pengine ukikimbizana na La Marseillaise, wimbo wa taifa wa Ufaransa.

Hadithi ya nywele huchekesha na kila mtu huisimulia. Linalonivutia mimi ni upande wake wa pili. Tuseme Steiner angeruhusiwa. Wimbo wake mpya ungezaliwa Agosti 1942, mgomo umeshaanza. Usingekuwa na santuri ya 1931 ya kuuzwa upya, na kampuni kubwa zisingeweza kuurekodi na okestra. Filamu ingesambaa nchi nzima, watu wangetoka ukumbini wakiuimba, na dukani wangekuta rafu tupu. Kitu pekee ambacho Steiner angepata ni nafasi ya kugombea Oscar ya wimbo bora, ambayo wa Hupfeld haukuruhusiwa, kwa kuwa sheria ilikwisha kubana tuzo hiyo kwa nyimbo zilizotungiwa filamu. Uzee, uliouondoa "As Time Goes By" kwenye tuzo, ndio uliouingiza kwenye kila gramafoni.

Filamu ilioneshwa mara ya kwanza New York tarehe 26 Novemba 1942, majeshi ya Washirika yakiwa yametua Afrika Kaskazini wiki mbili na ushei kabla. Ikasambazwa kwa wote tarehe 23 Januari 1943, Roosevelt na Churchill wakiwa mkutanoni Casablanca yenyewe. Tangazo gani la kibiashara lingeshinda hilo? Watu wakaanza kuuliza wimbo madukani, na Victor na Decca zikashuka ghalani.

Santuri ya zama hizo ilitokana na bamba la chuma lililochukua michirizi ya rekodi ya mwanzo. Bamba likiwa zima, unaweza kufyatua nakala miaka 10 au 20 baadaye, bila kumwita mwanamuziki hata mmoja. Mgomo ulikataza kurekodi, haukukataza kufyatua. Victor ikalitoa bamba la Vallee la 1931, lililowahi kuuzwa kwa namba 22773, ikalipa namba mpya, 20-1526. Decca ikaitoa ya Renard kwa lebo ya Brunswick, ile mali iliyonunuliwa kutoka Warner mwaka 1941.

Kizuizi kilichobaki kilikuwa malighafi. Santuri zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu unaotoka zaidi India, ndugu wa lakiri ileile ya kupigia mihuri bahasha. Vita ilikuwa imeiharibu njia ya meli, na jeshi lilikuwa linaihitaji shelaki. Aprili 1942 serikali ya Marekani ilipunguza kwa asilimia 70 kiasi kilichoruhusiwa kwa santuri za raia, na watu wakahimizwa kurudisha santuri zao kuukuu zisagwe upya. Kwa hiyo kila nakala ya Vallee iliyofyatuliwa ilichukua nafasi ya kitu kingine. Kampuni haiwezi kutumia shelaki adimu kwa wimbo wa mwaka 1931 isipokuwa imeona foleni mlangoni.

Mtu akiuliza kwa nini hawakuurekodi upya kwa sauti tupu, swali ni zuri, maana waimbaji hawakubanwa na chama cha wapiga ala. Kampuni ziliijaribu njia hiyo. Dick Haymes aliimba "You'll Never Know" mwaka 1943 akisindikizwa na kwaya mahali pa okestra, ikauza mno. Wimbo huohuo ndio uliochukua Oscar ya wimbo bora kwenye sherehe ileile ambayo Casablanca ilichukua tuzo ya filamu bora. Ila "You'll Never Know" ulikuwa mpya, haukuwa na rekodi ya zamani ya kutegemea. Kwa "As Time Goes By" kulikuwa na bamba zima ghalani lenye okestra kamili, na mhasibu yeyote atakwambia kipi ni rahisi.

Aliyeinunua ile ya Vallee alipata nini? Nimeisikiliza mara nyingi nikijaribu kuisikia kwa masikio ya 1943. Inaanza na okestra ya dansi, mwendo wa foksitroti, wa kuchezea. Sauti ya Vallee inapita puani, nyepesi, ya kijana msomi aliyevaa vizuri. Hana huzuni. Anaeleza jambo ambalo anaamini wewe na yeye mnakubaliana nalo, kisha anaiachia bendi. Wilson anaimba kama aliyekatazwa. Sauti yake ina mikwaruzo na inasimama pale ambapo Vallee angeteleza. Ni wimbo mmoja kwa maneno na noti. Kwa maana ni wawili, na aliyetoka sinema akiwa na wa pili masikioni alirudi nyumbani na wa kwanza kwapani. Nadhani walionunua waliyaziba mapengo wenyewe. Santuri ilikuwa kamba tu ya kuvutia kumbukumbu.

Vallee mwenyewe alikuwa na sare mwilini wakati huo, akiongoza bendi ya Walinzi wa Pwani wa Marekani. Santuri yake ya ujanani ikawa inavuma bila yeye kunyanyua kidole, na hata angetaka kuirekodi upya asingeweza.

Kipindi cha redio cha Your Hit Parade, kilichokuwa kikitaja nyimbo zinazopendwa wiki hiyo na kuziimba na waimbaji wake, kilikaa na "As Time Goes By" kwa wiki 21. Hapa pana jambo la kuangalia unaposoma kwamba Vallee "aliongoza chati" mwaka 1943. Kipindi kile kilipima wimbo, hakikupima santuri. Mwaka huo wimbo na santuri vilikuwa vimeachana njia kwa kiasi ambacho hakikuwahi kuonekana: ulivuma kwenye redio mubashara, kwenye karatasi za noti, kwenye kumbi za dansi na sinema, sehemu zote ambazo wanamuziki wa Petrillo waliruhusiwa kupiga. Santuri ilikuja nyuma ikichechemea na sauti ya zamani.

Decca ilikubali masharti ya chama Septemba 1943. Victor na Columbia zilishikilia mpaka Novemba 1944. Baada ya Decca kutia sahihi, Wilson naye hatimaye alirekodi wimbo kwa kampuni hiyo, pamoja na "Knock on Wood" wa kwenye filamu ile ile, lakini msimu ulikuwa umepita na waliotaka kuwa nao nyumbani walikuwa nao. Mwaka 1944 Billie Holiday akaurekodi kwa lebo ndogo ya Commodore, akaurudisha nyuma ya mapigo, kama mtu anayetembea makusudi taratibu mbele ya wenzake. Frank Sinatra akaurekodi 1961. Tangu hapo waliourekodi hawahesabiki, na karibu wote wanamfuata Wilson: polepole, bila Einstein, piano mbele. Vallee, aliyeuza, hana mfuasi.

Wilson alifariki Mei 1953. Mwaka 1977 kampuni moja Uingereza ikachukua sauti kutoka kwenye filamu yenyewe, na maneno ya Bogart na Bergman yakiwemo, ikaitoa kama santuri ndogo. Ikafika nafasi ya 15 kwenye chati za huko. Mwaka 2014 piano ya kwenye mkahawa wa Rick, yenye vitufe 58 tu, iliuzwa mnadani New York kwa zaidi ya dola milioni 3.4. Katika kila tukio la filamu aliyeketi mbele yake ni yule mpiga ngoma wa Texas.